Setibuku Ndizo Zilikuwa Zinalipa Kodi

Uliza msee yeyote wa rika letu ni nini inamaliza maduka ya vitabu, atakuambia ni simu. Tunaagiza kila kitu mtandaoni, kwa hivyo nani tena apande matatu hadi tao kutafuta kitabu? Sawa, kuna ukweli hapo. Hata Amazon ilipoanza kuuza 1995, ilianza na vitabu. Lakini hapa Kenya stori ina mwanzo mwingine, na nadhani tukiijua tutaacha kulaumu simu peke yake.

Duka la vitabu la Kenya halijawahi kuishi kwa riwaya. Limeishi kwa shule. Unakumbuka ile foleni ya Januari, mzazi ana orodha mkononi: hesabu, Kiswahili, atlasi, setibuku. Pesa ya Januari ilisaidia kulipa kodi ya duka mwaka mzima. Halafu kwa rafu ya nyuma mwenye duka anaweka vitu vyake: mashairi, hadithi fupi, riwaya ya mtu ambaye hujawahi kumsikia. Vikiuza nakala mbili kwa mwezi, hakuna noma. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimeshalipa.

2013 vitabu vikawekewa VAT ya asilimia 16. Januari 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shule za umma. Kwa mzazi hiyo ilikuwa afueni, na siwezi kuipinga. Ila maduka mengi yalifunga, hasa miji midogo, na ile rafu ya nyuma ikaenda nayo. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kwa sababu vitabu vingine haviwezi kupita shuleni. Miaka ya 70 David Maillu alijianzishia kampuni yake, Comb Books, akatoa My Dear Bottle 1973 na After 4.30 mwaka uliofuata. Pombe, mabosi, makarani wa ofisi. Mwalimu gani angekuwekea hiyo kwa silabasi? Wasomi walimponda, Tanzania ikampiga marufuku, na watu wakanunua tu.

Na kuna Matigari. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Gĩkũyũ akiwa uhamishoni, ikachapishwa Nairobi 1986. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba watu vijijini walianza kuongea kuhusu mtu anaitwa Matigari anayezunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki, na serikali ya Moi ikaamuru akamatwe. Wakagundua ni mhusika wa riwaya! Sasa ona walichofanya: Februari 1987 polisi walienda madukani wakabeba nakala zote. Walielewa vizuri kwamba mtu wa kawaida alikuwa anakutana na kitabu pale kwa rafu.

Siku hizi hakuna haja ya polisi. Programu inakuonyesha kile ambacho watu kama wewe wameshanunua, na kitabu ambacho hujui jina lake huwezi kukitafuta. Kimezimwa bila mtu yeyote kukigusa.

Simaanishi mtandao ni adui. Nuria, pale Moi Avenue, wanauza dukani na mtandaoni pia, na wamejulikana kwa kubeba Wakenya waliojichapishia vitabu wenyewe, wale ambao maduka mengine yangewaambia wapite kesho. Wale wa vitabu vya mitumba, waliotandaza kando ya barabara, nao wanauza vitu ambavyo hakuna programu ingekupendekezea. Inama tu.

Kwa hivyo wikendi hii, badala ya kubonyeza ya kwanza unayoona, tafuta namba ya duka dogo lililo karibu nawe upige. Kuna wale watakutumia na bodaboda, unalipa kwa M-Pesa. Ila ukiweza enda mwenyewe, umuulize mwenye duka ni kitabu gani anakipenda na hakuna mtu ananunua.