Besi Haisemi Kweli Bila Bisibisi

Bendi ikipiga na sauti zikasikika zinapishana, lawama kwa kawaida humwangukia mwimbaji. Ni nadra mtu kumtazama yule aliyesimama nyuma na gitaa lenye nyuzi nne nene. Lakini besi ndiyo msingi wa wimbo. Ikipotoka kidogo, wote waliojengwa juu yake huonekana wamepotoka. Juma hili tuangalie historia ya chombo hicho, maana ndani yake mna somo la kukitunza.

Kabla ya 1951, mpiga besi wa Marekani alibeba besi kubwa ya kusimama, inayomzidi kimo. Kuisafirisha ilikuwa taabu, na mbele ya tarumbeta na ngoma haikusikika vizuri. Tena shingo yake ni tupu: kidole kikiteleza kidogo, sauti imekwenda kombo. Miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa Seattle alijaribu besi ya umeme, lakini haikuenea.

Aliyefanikiwa ni Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme ya kuning'iniza begani, akapachika shingoni vyuma vyembamba vya kugawa sauti, yaani freti. Akaiita Precision, maana yake usahihi.

Hata hivyo, jina lilitangulia sifa. Kwenye daraja, nyuzi nne zililalia vipande viwili tu. Uzi mnene na uzi mwembamba havilingani mahitaji ya urefu. Ukisogeza kipande kuupatia mmoja, unamharibia mwenzake. Ilipofika 1957 besi hiyo ilibadilishwa, kila uzi ukapewa kipande chake na skrubu zake.

Hapo ndipo penye somo. Mtengenezaji anayeweka skrubu anatuambia kwamba kazi haikuishia kiwandani. Nyuzi huivuta shingo usiku na mchana, na ndani ya shingo imo fimbo ya chuma ya kushindana nazo. Mti nao huitikia joto na unyevu, kama huu wa pwani yetu. Shingo ikipinda mno, nyuzi hukaa juu, vidole huchoka, na kila ubonyezapo sauti hupanda. Zikiwa chini mno, hugonga freti na kulia kama bati.

Utaratibu ni huu: patanisha nyuzi kwanza, kisha nyoosha shingo kidogo kidogo, halafu pima kimo cha nyuzi, na mwisho urefu wake. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 na uupige; kisha ubonyeze hapo hapo na uupige tena. Sauti mbili hizo zifanane. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kipande cha daraja nyuma, uzi urefuke.

Lakini asidhani mtu kwamba nyuzi za chini ndiyo sheria. James Jamerson, aliyepiga katika studio ya Motown mjini Detroit miaka ya 1960, alikuwa na Precision ya 1962 yenye nyuzi nene, laini, zilizokaa juu, ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike. Alizikwanyua kwa kidole kimoja. Dunia nzima ilicheza kwa besi yake, ila jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya sahani za Motown hadi What's Going On ya Marvin Gaye, mwaka 1971. Alifariki 1983.

Basi besi hurekebishwa kwa mkono wa anayeipiga. Kwetu jambo hili ni zito, kwani bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji akihama, besi ilibaki ikimngoja mwingine mwenye vidole vingine.

Mwenye bendi anayetaka kumfukuza mpigaji, au kuitupa besi kwa kuwa inakosea, ampe kwanza bisibisi, nyuzi mpya na nusu saa kabla ya dansi. Huenda mpigaji hana kosa, na besi si mbovu.