Utamu Usioaminika

Katika maduka mengi ya mitaani huku kwetu, gliserini hukaa rafu moja na mafuta ya kujipaka. Baridi ikiingia na visigino vikaanza kupasuka, ndiyo hutafutwa. Historia yake, hata hivyo, haikuanzia kwenye ngozi. Ilianzia kwenye ulimi.

Mwaka 1783 Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa mji wa Köping nchini Uswidi, alieleza kimiminika kitamu alichokipata kwa kuchemsha mafuta ya zeituni na oksidi ya risasi. Baadaye Mfaransa Michel Eugène Chevreul akakipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "tamu".

Sifa yake kuu ni kushikamana na maji. Kwenye ngozi huzuia ukavu. Kwenye keki na matunda makavu huacha chakula kikiwa laini, na wakati huohuo huyafunga maji ambayo bakteria na ukungu wangeyatumia kuzaliana.

Vita navyo viliihitaji. Mwaka 1847 Ascanio Sobrero, huko Torino, alipata kutoka kwayo nitrogliserini, na mwaka 1867 Alfred Nobel akaigeuza kuwa dinamiti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akina mama wa Marekani waliombwa kukusanya mafuta yaliyobaki kwenye vikaango na kuyapeleka buchani, ili yatolewe gliserini ya kutengenezea milipuko.

Hata hivyo, kisa kinachonigusa zaidi ni cha Haiti. Mwaka 1995 na 1996, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi baada ya kunywa dawa ya maji ya paracetamol. Gliserini iliyotumika ilikuwa imechanganyika na dayethilini glaikoli: nzito vilevile, haina rangi vilevile, tamu vilevile, ila ni sumu na bei yake ni nafuu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi zilizokutwa na sumu hiyohiyo nchini Gambia.

Utamu ndio uliomtambulisha Scheele kwa gliserini. Mzazi anayeonja dawa kabla ya kumpa mwanawe hana namna ya kujua kilichomo. Maabara inaweza kujua, mradi mtu aipime kila pipa kabla halijafunguliwa kiwandani.