Dojini: Wenza wa Fani

Kijana mpenda anime na gemu anaweza kuwa na marafiki tele na bado akakosa wa kuzungumza naye. Wa shuleni wapo, wa mtaani wapo, wa madrasa au kwaya wapo. Lakini akianza kueleza kwa nini kifo cha mhusika fulani kimemkosesha raha wiki nzima, wanamtazama tu kwa hisani. Yeye anamtaka mtu aliyeguswa palepale alipoguswa. Wajapani wana neno la kumwita mtu huyo, tena kongwe kuliko anime na gemu zote: dojini. Makala haya yanaeleza neno hilo limetoka wapi, linafanya kazi gani kwao, na kwa Kiswahili mtu huyo tumwite nani.

Asili ya neno

Kwa Kijapani irabu ya kwanza huvutwa, na neno zima huandikwa kwa herufi mbili zilizotoka China. Ya kwanza maana yake ni "sawa" au "-moja", ya pili ni "mtu". Zikikaa pamoja hutaja watu wa nia moja. Jozi hiyo ina umri mkubwa: ndiyo jina la alama ya 13 kati ya alama 64 za I Ching, kitabu cha kale ambacho Wachina walikitumia kupigia ramli, na humo husimamia ushirika baina ya watu.

Katika enzi ya Meiji, waandishi vijana wa Japani walilichukua neno hilo kwa ajili ya vikundi vyao. Mwaka 1885 Ozaki Kōyō na wenzake walianzisha kikundi cha Ken'yūsha jijini Tokyo, wakawa na jarida lao, Garakuta Bunko. Mwanzoni halikupigwa chapa. Liliandikwa kwa mkono likapitishwa kwa wanakikundi, huyu akimaliza kusoma anampa yule. Jarida la namna hiyo huitwa dojinshi, yaani jarida la dojini. Halina mchapishaji wala mhariri wa kuajiriwa, na wanaoliandika ndio haohao wanaolisoma. Mpaka leo, iwe ni kitabu cha katuni, albamu ya muziki au gemu ya kompyuta, kazi ikiitwa ya dojini huwa imetoka kwa wapenzi wa fani wenyewe, ikaenda kwa wapenzi wa fani.

Dojini na otaku

Wengi wetu tumelisikia zaidi neno otaku, na ni rahisi kudhani kwamba maneno haya mawili ni kitu kimoja. Otaku kwa asili ni "nyumba yako", na kwa adabu ya Kijapani hutumika kumwitia mtu usiyemzoea. Mwandishi Nakamori Akio alipoandika juu ya mashabiki wa katuni katika jarida la Manga Burikko mwaka 1983, aliwaita kwa neno hilo kwa sababu ndivyo wao walivyozoea kuitana, naye hakuwasifu. Mwaka 1989 mambo yaliharibika zaidi: muuaji wa watoto alipokamatwa, chumba chake kikakutwa kimejaa kanda za video, vyombo vya habari vikalibandika jina la otaku kwake na kwa kila aliyefanana naye kwa mapenzi ya katuni. Imechukua miaka mingi neno kusafika, na nje ya Japani sasa vijana hujiita hivyo kwa fahari.

Hata lilivyosafika, otaku humtaja mtu mmoja na kile anachokipenda. Unaweza kuwa otaku ukiwa umejifungia chumbani peke yako. Dojini huwezi kuwa peke yako, kwa kuwa neno lenyewe linamtaka mwingine wa kuwa sawa naye. Kwa anayetafuta marafiki, tofauti hiyo ni kubwa: la kwanza linamwambia yeye ni nani, la pili linamwonyesha pa kwenda.

Nusu ya meza

Pa kwenda penyewe palifunguliwa tarehe 21 Desemba 1975, katika ukumbi mmoja wa Tokyo. Wahakiki vijana wa kikundi cha Meikyū, akiwemo Yonezawa Yoshihiro, waliandaa soko la dojinshi wakaliita Comic Market, ambalo Wajapani wamelifupisha kuwa Comiket. Vilikuja vikundi 32 na watu wapatao 700. Wengi mno kati yao walikuwa wasichana wa shule, wasomaji wa katuni za kike, na hilo linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mambo haya yalianzishwa na wavulana. Leo Comiket hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, katika kumbi za Tokyo Big Sight. Ile ya Desemba 2019, iliyochukua siku nne, ilihesabu mahudhurio 750,000.

Waandaaji wake wameshika kanuni moja tangu zamani: Comiket haina wateja. Mwenye kuuza ni mshiriki, mwenye kununua ni mshiriki, na anayejitolea kupanga foleni juani naye ni mshiriki.

Kanuni hiyo unaiona mezani. Kila kikundi hupewa nusu ya meza, upana sentimita 90 na kina sentimita 45, na viti viwili. Wenyewe hutandika kitambaa, hupanga vitabu vipya, huweka kibao cha bei na nakala moja ya kutazamwa. Mpita njia husimama, huomba ruhusa, kisha hufunua kurasa za nakala ile mbele ya macho ya aliyeichora. Mchoraji ameketi hatua moja tu kutoka kwake, na anaona ukurasa gani umemchekesha na ukurasa gani ameurudia. Akitaka kitabu, hulipa kwa noti ya yeni 1,000 au sarafu ya 500 aliyoitafuta mapema, maana waungwana wa pale hawamsumbui mtu kwa chenji. Maneno machache hupita kati yao, na kwa mchoraji aliyefanya kazi usiku wa manane miezi kadhaa bila kujua kama yuko mwingine duniani anayempenda mhusika huyo, maneno hayo ni malipo makubwa kuliko pesa. Asubuhi soko linapotangazwa kufunguliwa, ukumbi mzima hupiga makofi. Jioni likifungwa, hupiga tena. Jukwaani hakuna mtu wa kupigiwa. Wanapigiana wenyewe.

Urafiki uliozaa kazi

Kwa upande wa gemu, mfano ninaoupenda zaidi ni wa Takeuchi Takashi na Nasu Kinoko. Walifahamiana wakiwa wanafunzi wa sekondari, mmoja akichora, mwingine akiandika hadithi. Waliunda kikundi cha Type-Moon, na Desemba 2000 wakapeleka Comiket gemu yao ya kusoma, Tsukihime. Ilipendwa mno, kikundi kikageuka kampuni, na mwaka 2004 ikatoka Fate/stay night, iliyozaa anime na gemu nyingi zinazojulikana hadi kwetu.

Upande wa anime kuna vijana wa Osaka. Anno Hideaki, Yamaga Hiroyuki na Akai Takami walikutana katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka. Mwaka 1981 mkutano wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, Daicon III, ulihitaji filamu fupi ya ufunguzi, wakaichora wao na wenzao, wengi wakiwa hawajawahi kutengeneza katuni. Kundi hilo ndilo lililoanzisha kampuni ya Gainax mwaka 1984, na mwaka 1995 Anno akaongoza Neon Genesis Evangelion.

Wa tatu anaonekana kama anavunja maana ya neno. Ōta Jun'ya, maarufu kwa jina la ZUN, hutengeneza gemu za Touhou takriban peke yake: programu yeye, picha yeye, muziki yeye. Agosti 2002 alitoa Comiket gemu ya kwanza ya mfululizo huo kwa kompyuta za Windows. Kazi ya mtu mmoja itaitwaje ya dojini? Jibu liko kwa waliompokea. ZUN aliwaruhusu wengine wawachukue wahusika wake na nyimbo zake wazifinyange upya, nao wakafanya hivyo kwa wingi kiasi kwamba tangu mwaka 2004 kuna soko zima, Reitaisai, la kazi za Touhou tu. Alikaa peke yake kwenye kiti, lakini alikuwa akitunga na watu.

Kwa Kiswahili tumwite nani?

Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni shabiki. Ni neno zuri, lakini limelelewa uwanjani. Shabiki wa Simba au Yanga hukaa jukwaani, na mpira wanacheza wengine. Akiruka uzio kuingia uwanjani, polisi wanamtoa. Dojini kazi yake ni kuingia. Mraibu ni mgonjwa, na hatutaki kumpa mtu jina la ugonjwa kwa sababu ya kitu kinachompa furaha. Mwanachama ana kadi, ada na katiba, ambavyo dojini anaweza kuishi bila ya kuwa navyo. Rafiki ni pana mno, kwani urafiki hauhitaji kupenda kitu kimoja: rafiki yako wa chanda na pete anaweza asijue anime ni nini.

Lipo neno lililo karibu zaidi, nalo tunalitumia kila siku: mwenzi, au mwenza. Methali husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mwenzako hapo si lazima awe rafiki. Ni mtu aliye katika hali uliyonayo wewe, kwa hiyo linalompata linakuhusu. Na mwanamke wa pwani anapoanza habari kwa "Mwenzangu!", amekwisha kumweka msikilizaji upande wake kabla ya kusema lolote. Usawa ulio katika herufi ya kwanza ya dojini tunao ndani ya neno hili.

Peke yake, hata hivyo, mwenza ana shida. Ukienda kliniki ukaambiwa uje na mwenza wako, unajua anayetakiwa ni mume au mke. Gemu ikiitwa "gemu ya wenza", watu wataielewa vingine kabisa. Lakini mwenza akipewa kijalizo, shida hiyo huondoka, kama inavyoondoka katika mgombea mwenza na mwandishi mwenza. Napendekeza kijalizo hicho kiwe fani: mwenza wa fani, wenza wa fani.

Fani nimeichagua kwa sababu inabeba anime, manga, gemu, ushairi na ngoma bila kubagua. Wapo watakaosema fani ni taaluma ya kuajiriwa, na kweli maana hiyo ipo. Hata hivyo tunasema ushairi ni fani, na washairi wetu wengi hawakuwahi kulipwa mshahara wa ushairi. Fani pia haimtengi asiyechora. Msomaji anayeijua kazi kwa undani ni mwanafani, na kwa kanuni ya Comiket ni mshiriki kamili.

Basi dojini ni mwenza wa fani. Dojinshi ni jarida la wenza wa fani, au kitabu, kwa kadiri kilivyo. Gemu ya dojini ni gemu ya wenza wa fani. Katika sentensi: "Wenza wangu wa fani tunakutana Jumamosi tukamilishe kurasa za mwisho." "Gemu hii haikutoka kampuni, ni kazi ya wenza wa fani." Mwandishi anayezungumzia Japani mahususi anaweza kuanza na dojini, akaeleza mara moja, kisha akaendelea na Kiswahili.

Neno na utafutaji

Nimelishughulikia neno hili kwa sababu jina tunalolitumia huelekeza tunavyotafuta. Anayetafuta mashabiki atauliza, "Nani mwingine anatazama?" Swali hilo hujibiwa kwa kutaja majina ya anime, na orodha ikiisha mazungumzo nayo huisha. Anayetafuta wenza wa fani ana swali jingine: "Nani tutengeneze naye?" Hilo huwapa watu kazi ya kukutania, hata wale waoga wa kuzungumza, ambao katika mapenzi haya ni wengi.

Afrika Mashariki pa kuanzia papo. Nairobi ina tamasha la katuni la NAICCON, ambako vijana huja na mavazi ya wahusika waliyoyashona wenyewe. Kila mtaa mkubwa una kibanda cha gemu, na kila kona ina steshenari ya kutolea fotokopi. Hadithi ya kurasa nane iliyochorwa kwa kalamu ya wino, ikatolewa nakala 20 na kubanwa kwa stepla, tayari ni jarida la wenza wa fani, kwa maana ileile waliyoijua akina Ozaki mwaka 1885. Hata anayeandika maelezo ya Kiswahili ya namna ya kumaliza gemu ngumu, akampa anayeanza, amekwisha kuingia uwanjani.

Kwa hiyo kijana anayelalamika kwamba hana wa kuzungumza naye ningemshauri atengeneze kitu kidogo, akibebe mahali ambapo watu wa fani yake hupita, akampe mtu asiyemjua akisome mbele yake. Wengine watakirudisha kwa shukrani na kuondoka. Yule atakayekaa na kuuliza toleo la pili linatoka lini ndiye mwenza aliyekuwa akimtafuta.