Mngurumo wa Subaru ulizaliwa na mabomba yasiyolingana

Ule mngurumo wa Subaru yenye turbo, unaomfanya mtu ageuke kabla gari halijatokea konani, haukutungwa na yeyote. Ulitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, nayo hayakulingana kwa sababu nafasi chini ya injini ni finyu. Subaru wenyewe walitumia miaka mingi kuuondoa. Wateja nao wanatumia pesa zao kuurudisha.

Injini hii imelala chali: silinda mbili kulia, mbili kushoto. Katika injini za EJ, zilizoifanya kampuni hiyo ijulikane kila mahali, turbo ilifungwa upande wa kulia. Moshi wa silinda za kulia huifikia kwa mwendo mfupi, ilhali ule wa kushoto sharti upite chini ya injini kwanza. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, na 1 na 3 ziko upande mmoja. Basi mapigo ya moshi huifikia turbo mawili mawili, mengine yakiwahi na mengine yakichelewa. Sikio huupokea mparaganyo huo kama mngurumo mzito wa du-du, du-du.

Wazo la kuutia moshi kazini ni la zamani kuliko Subaru yenyewe. Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hutokea nyuma ya gari ikiwa joto na upepo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alichukua hataza mwaka 1905 akieleza jinsi moshi huo unavyoweza kuzungusha gurudumu la mapanga, nalo lisukume hewa zaidi ndani ya injini. Ilimchukua miaka 20 kupata mfumo uliokubali kufanya kazi vizuri, na ufumbuzi ulikuwa kwenye mabomba. Mwaka 1925 aligawa mabomba ya moshi kwa makundi ya silinda, ili pigo la silinda moja lisiligonge pigo la jirani yake njiani. Liweke akilini jambo hilo, maana Wajapani walilirudia karibu miaka 80 baadaye.

Waliothibitisha faida ya turbo hawakuwa watu wa magari. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, mita zipatazo 4,300 juu ya bahari, akaonyesha kwamba injini inaweza kurudishiwa nguvu inayoporwa na hewa nyepesi. Mkazi wa Nairobi hana haja ya kufundishwa somo hilo. Jiji lake limekaa karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Gari lisilo na turbo hulipa kodi hiyo kila siku. Lenye turbo hulipa kidogo tu.

Sailensa nayo ina ukoo wake. Ndugu wawili wa Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya chombo cha kupunguza kelele za injini mwaka 1897. Magari mengi ya mwanzo yalikuwa na kibati ambacho dereva alikifungua ili moshi utoke bila kupitia sailensa, eti kwa ajili ya kupanda milima. Kwa hiyo kijana wa leo anayekata sailensa hajazua jambo jipya. Amechelewa kwa zaidi ya karne.

Kilichobadilisha mambo ni sheria za hewa safi za miaka ya 1970. Magari yalianza kufungwa katalisti, chombo chenye vijitundu vingi vilivyopakwa madini ya thamani ili kupunguza sumu ya moshi. Husafisha kweli, lakini huuziba moshi kiasi. Kwa injini ya turbo kizuizi hicho ni kero ya pekee, kwa sababu turbo huishi kwa tofauti ya shinikizo: moshi ukisukuma kwa nguvu kabla ya mapanga na kukuta njia wazi baada yake, mapanga huzunguka upesi, zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Ndiyo sababu bomba linaloshuka kutoka turbo, ambalo mafundi huliita daunpaipu, ndilo la kwanza kubadilishwa.

Biashara ya kulibadilisha ilikomaa Japani. HKS, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Hiroyuki Hasegawa, aliyekuwa mhandisi wa Yamaha, ilianza kuuza turbo za kufungwa kwenye magari ya kawaida mwaka uliofuata, na baada ya turbo zikafuata sailensa zenye mdomo mpana kama wa kopo la rangi. Subaru ilipotoa Impreza WRX mwaka 1992, ikiwa na nguvu za farasi 240, wauzaji wa mabomba walikuwa wameshajipanga.

Lakini zilizoiuza sauti ile duniani ni mbio za magari. Kampuni ya Prodrive ya Uingereza iliipaka Impreza rangi ya buluu na manjano, na Colin McRae akatwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1995. Wakati huo kanuni zilibana mlango wa hewa wa turbo kwa kizuizi cha milimita 34. Hewa ikiwa haba, wahandisi waligeukia upande wa moshi: dereva akiachia mafuta, kiasi kidogo cha petroli kiliwashwa ndani ya mabomba yenyewe ili turbo isilale. Hapo ndipo ile milio ya bunduki iliposikika kila dereva alipokaribia kona.

Kenya iliisikia kwa karibu. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 akiwa na Impreza. Kenneth Eriksson alimaliza wa pili mwaka 1996, kisha McRae akashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Subaru. Watoto waliosimama kando ya vumbi lile ndio watu wazima wanaoagiza Impreza na Forester kutoka Japani leo. Milio ya bunduki wanayoilipia sasa, inayotiwa kwenye kompyuta ya injini kwa amri chache, ni mwigo mtupu. Gari la mbio lilipiga risasi ili turbo iendelee kuzunguka, na timu ilikuwa na vipuri vya kubadilisha. La mtaani hupiga risasi mbele ya kilabu, na mapanga ya turbo ndiyo yanayoungua.

Mafundi wa jua kali wamekuwa na mchango wao, nami nawaheshimu kuliko wanavyoheshimiwa. Kwenye vibanda vilivyo karibu na maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, bomba la inchi 3 hukatwa, hukunjwa na kuchomelewa kwa kulipima kwenye gari lenyewe, bila mchoro. Kazi ya fundi mzuri huitambui kwa kelele. Itazame mikunjo yake: je, ni mviringo, au imebonyezwa ikawa kama mrija uliotafunwa? Bomba pana lenye mkunjo uliobonyea ni hasara iliyong'arishwa.

Tatizo huja pale fundi anapofanya kazi nzuri kupita kiasi. Turbo ina mlango mdogo wa pembeni unaopitisha moshi uliozidi ili shinikizo lisivuke kipimo. Kiwandani mlango huo ulipimwa kwa bomba jembamba lenye katalisti. Ukifungua njia yote, katika WRX nyingi hautoshi tena. Shinikizo hupanda lenyewe, mafuta hayatoshi kulingana na hewa, na pistoni hulipa. Ndiyo maana anayebadilisha mabomba yote kuanzia turbo hadi nyuma anapaswa kwenda moja kwa moja kwa mtu wa kurekebisha kompyuta ya injini. Wengi huahirisha hadi mwisho wa mwezi. Na katalisti iliyotolewa mara nyingi huuzwa kwa ajili ya madini yake, hata gari likabaki likinuka kama jenereta.

Wakati wateja wakishughulika nyuma ya gari, wahandisi wa Subaru walikuwa mbele, palepale kwenye kiini cha mngurumo. Legacy iliyotolewa Japani mwaka 2003 ilikuja na mabomba yaliyolingana urefu, na turbo yenye milango miwili inayopokea mapigo ya silinda kwa makundi. Ni Büchi wa 1925, safari hii chini ya boneti ya gari la familia. Turbo iliamka mapema, moshi ukatiririka kwa mpangilio, na mngurumo ukafa. Forester ya SG5 yenye turbo iliendelea na mabomba ya zamani, na ndiyo sababu gari la mizigo na watoto hunguruma kuliko Legacy ya kifahari. WRX ya mwaka 2015, yenye injini mpya ya FA20, nayo ilitoka kiwandani bila sauti ile.

Hapo soko likageuka kichwa chini. Viwanda vya vipuri vilianza kutengeneza, kwa makusudi na kwa chuma kisichoshika kutu, mabomba yasiyolingana urefu kwa ajili ya injini mpya. Mwenye Legacy ya mwaka 2003 anayeutaka mngurumo ana kazi kubwa zaidi: mabomba ya zamani hayaingiliani na turbo yake ya milango miwili, kwa hiyo lazima atafute pia turbo ya mlango mmoja na bomba la kuiunganisha, kisha kompyuta ipangwe upya. Akimaliza, gari linanguruma, na turbo inachelewa kuamka kuliko siku liliposhuka melini Mombasa.