Mbiru: kodi "ya haki" ambayo Wapare waliikataa

Ukiwa Kwakoa, huku chini tambarare, milima ya Upare inasimama kama ukuta. Kule juu kuna migomba, kahawa na ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Huku chini ni vumbi na mifugo. Kwa hiyo nani anacho na nani hana ni jambo ambalo watu wa hapa walilijua zamani sana, kabla ya ripoti yoyote ya Benki ya Dunia.

Sasa fikiria miaka ya mwanzo ya 1940. Kwakoa leo iko Wilaya ya Mwanga, lakini wakati ule Upare wote ulikuwa wilaya moja, makao yake Same. Serikali ya Mwingereza ikaleta kodi mpya, juu ya ile ya kichwa iliyokuwepo. Hii ilipangwa kwa ngazi: mwenye mali nyingi alipe zaidi, maskini alipe kidogo. Ikapewa jina la mbiru, jina la ushuru wa zamani wa watawala wa Kipare. Ukiisoma kwenye karatasi, ni kodi ambayo wachumi wengi wa leo wangeipigia makofi.

Wapare waliikataa katakata. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume walitembea hadi Same na kupiga kambi hapo. Hawakuchoma kitu, walikaa tu, na kambi ikaendelea kwa miezi. Mashamba nyumbani yakabaki mikononi mwa wanawake, na wao nao wakachoka. Huko Usangi walimkabili ofisa wa serikali wakamwambia amalize jambo hili waume zao warudi, au kama hawezi basi yeye mwenyewe awape mimba wote. (Nikisoma hapa huwa najiuliza yule mkalimani aliitafsirije.)

Je, walikuwa wanapinga usawa? Mimi sioni hivyo. Ili kodi ya ngazi ifanye kazi, lazima mtu aje kwako ahesabu ng'ombe, mibuni na shamba. Anayehesabu ni mtu wa mtawala, huna pa kukata rufaa, na hujui fedha inaishia wapi. Kodi ya kichwa ilikuwa mbaya, lakini kila mtu aliijua ni shilingi ngapi. Yaani hapakuwa na upendeleo wala kisasi cha kuogopa.

Halafu tazama picha kubwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1940 ya maendeleo na ustawi wa makoloni iliahidi hadi pauni milioni 5 kwa mwaka, kwa himaya nzima. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Java na Ufilipino, na mkonge wa Tanganyika ukawa lulu. Uingereza iliununua kwa bei iliyoipanga yenyewe, na watu wakalazimishwa kwenda kufanya kazi mashambani. Kwa maneno mengine, mnunuzi alijipangia bei ya utajiri wa nchi, halafu mkulima wa mlimani ndiye aliyetembelewa kuhesabiwa mibuni. Pengo kubwa lilikuwa kati ya London na Tanganyika, lakini kipimo kiliwekwa kati ya Mpare na Mpare.

Mwishowe serikali ilirudi nyuma na mbiru ikafutwa. Mwaka 1971 Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyewe Mpare, alichapisha kijitabu juu ya mgogoro huo. Kama hujakisoma, kitafute.

Kodi ya kichwa yenyewe ilidumu. Ilifutwa mwaka 1969, ikarudishwa miaka ya 1980 kwa jina jipya, na wazazi wetu wengi wanakumbuka kujificha msituni mgambo walipopita kuidai. Ilifutwa tena mwaka 2003. Jina lake hilo jipya lilikuwa kodi ya maendeleo.