Msongamano wa Nukta

Munigi iko kaskazini mwa uwanja wa ndege wa Goma, chini ya volkeno ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa za mlima zilifunguka hadi hapa, lava ikateremka mjini mpaka Ziwa Kivu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikameza nyumba za Buhene na za vijiji jirani. Mtu anayekimbia usiku wa namna hiyo habebi albamu. Anabeba watoto, na pengine pochi yenye karata ya uchaguzi na foto ndogo ya pasipoti. Baadaye foto hiyo huwa ndiyo sura pekee ya baba iliyobaki.

Ukiipeleka kuskaniwa utaulizwa: rezolusheni ngapi? Wapo wanaoiita azimio, na hilo ni kosa. Azimio hutoka mkutanoni, kama Azimio la Arusha la 1967. Wengine husema mwonekano. Neno hili limeenea, lakini haliniridhishi, kwa sababu mwonekano ni hukumu ya jicho: foto ileile hupendeza kwenye kioo cha simu, kisha ikiwekwa ukutani inakuwa ukungu. Mimi nashika msongamano wa nukta. Ni istilahi ndefu, ila inataja kinachohesabiwa, yaani nukta ngapi mashine imezisoma ndani ya inchi moja.

Hesabu yenyewe ni muhimu. Foto ya sentimita 3 kwa 4, ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa nukta 354 kwa 472 tu. Ukichapisha kwa msongamano huohuo, unapata foto ndogo kama ile uliyokuja nayo. Iskani kwa 1200, upate 1417 kwa 1890, na sasa, ukichapisha kwa 300, unaweza kupata sentimita 12 kwa 16 bila sura kuvunjika. Foto kubwa ya sentimita 10 kwa 15 haina haja ya kiasi hicho, 600 inatosha.

Lakini si kila nukta imesomwa kweli. Mashine nyingi hutangaza namba kubwa ambayo sehemu yake ni makisio: programu inatazama nukta mbili jirani na kubuni ya katikati. Hapo faili inanenepa, sura haiongezeki kitu. Programu za akili unde zinakwenda mbali zaidi. Jicho lililoliwa na unyevu zinalichora upya, na jicho hilo si la marehemu. Huo siuiti urejeshaji. Kurejesha ni kusafisha mikwaruzo, kurudisha weusi uliofifia, na kuliacha pengo kama pengo pale ambapo hakuna nukta iliyosomwa.

Kabla ya mashine, mkono uwe mwepesi. Majivu ya volkeno yana chembe za kioo, hivyo ukiyafuta kwa kitambaa yanakwaruza; yapeperushe kwa brashi laini. Foto iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, iskani pamoja na kioo chake.

Nawaomba wenye mashine za skani Goma: foto ndogo ianze kwa 1200, faili ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa, marekebisho yafanywe kwenye nakala, na familia ikabidhiwe zote mbili.