Skafu ya duara ya rangi mbili

Skafu ya duara ya rangi mbili ni vazi la shingoni lisilo na ncha, linalofumwa kwa kroshia kwa nyuzi za rangi mbili ili liweze kuvaliwa pande zote mbili. Upande mmoja huonyesha rangi ya kwanza na upande wa pili huonyesha rangi ya pili. Tofauti na skafu ya kawaida, haifungwi fundo, bali hupitishwa kichwani na kukaa shingoni kama pete pana.

Kwa kuwa ina tabaka mbili, skafu hii huzuia baridi vizuri kuliko ile ya tabaka moja. Kwa sababu hiyo inafaa katika maeneo ya nyanda za juu za Tanzania, kwa mfano wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara.

## Mazingira ya Mbulu na Hanang

Mbulu na Hanang zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara. Nyanda za juu za Mbulu hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari katika sehemu kadhaa. Upande wa kusini uko Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,400 na zaidi, na mji wa Katesh uko chini yake. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi, upepo na ukungu, hasa alfajiri, wakati wanafunzi wanapokwenda shule na wafanyabiashara wanapoelekea minadani.

Hata hivyo hali ya hewa hubadilika kwa umbali mfupi. Bonde la Yaeda na maeneo ya karibu na Ziwa Eyasi ni ya chini na yana joto. Mtu anayeteremka kutoka Mbulu kwenda huko anaweza kuanza safari akiwa amejifunika na kuimaliza akiwa amevua nguo zote nzito. Skafu ya duara ni nyepesi kuvua na kuweka mfukoni, na hii ni faida mojawapo kuliko blanketi.

Wakazi wengi wa eneo hili ni Wairaqw na Wadatoga, pamoja na makabila mengine. Zamani mavazi yao yalikuwa ya ngozi. Wanawake wa Kiiraqw walishona sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga, na wanawake wa Kidatoga nao wanajulikana kwa sketi zao za ngozi. Baadaye shuka na blanketi zilienea, na hadi leo blanketi linalofunikwa mabegani ni jambo la kawaida kwa wazee.

## Kondoo wengi bila sufu

Mgeni anaweza kushangaa kwamba watu wanaofuga kondoo katika nchi ya baridi hawakufuma sufu. Sababu iko kwa kondoo wenyewe. Kondoo wanaofugwa kwa kawaida kaskazini mwa Tanzania, kama vile kondoo Wekundu wa Kimasai na Waajemi wenye vichwa vyeusi, huota singa fupi kama za mbuzi. Singa hizo haziwezi kusokotwa kuwa uzi wa kufumia. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, wamefugwa zaidi katika nyanda za juu za Kenya na katika nchi za kusini mwa Afrika.

Kwa hiyo uzi wa kufumia Mbulu au Hanang hununuliwa dukani. Uzi unaouzwa kwa jina la "uzi wa sufu" mara nyingi si sufu bali ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki zinazotengenezwa kiwandani. Akriliki ni nafuu, ina rangi nyingi na hufuliwa kwa urahisi, lakini haistahimili moto.

Namna rahisi ya kuutambua uzi ni kuchoma kipande kifupi, kikiwa kimeshikwa kwa koleo juu ya sahani ya bati:

* Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole.
* Pamba hunuka kama karatasi na huacha majivu mepesi ya kijivu.
* Akriliki huyeyuka, huwaka kwa moshi mweusi, na huacha kitone kigumu.

## Historia ya kroshia

Kroshia ni ufumaji wa sindano moja yenye ndoano kwenye ncha. Jina lake limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya "kindoano". Inatofautiana na ufumaji wa sweta, ambao hutumia sindano mbili na kubakiza vitanzi vingi kwenye sindano kwa wakati mmoja. Katika kroshia ya kawaida kila mshono hukamilishwa kabla ya kuanza unaofuata. Kazi ikikatizwa, kitanzi kimoja tu ndicho kiko hatarini kufumuka.

Kazi hii ilienea Ulaya katika karne ya 19. Wakati wa njaa kuu ya Ireland (1845–1852), familia nyingi zilijipatia fedha kwa kufuma lesi za kroshia na kuziuza. Afrika ya Mashariki ufumaji wa aina hii ulienea hasa kupitia shule za misheni na mafunzo ya wanawake. Nchini Tanzania umejulikana zaidi kwa vitambaa vya kufunika makochi na meza. Kazi za mikono ziliwahi kufundishwa shuleni katika masomo ya Sayansi Kimu na Stadi za Kazi.

Wafumaji wengi wamejitengenezea sindano kwa njiti (spoku) ya baiskeli. Njiti hiyo ina unene wa milimita 2 hivi, inayofaa kwa uzi mwembamba wa vitambaa. Kwa skafu ya uzi mnene inahitajika sindano ya milimita 5. Sindano ya unene huo inaweza kununuliwa, au kuchongwa kwa mti mgumu na kupigwa msasa hadi isikwaruze uzi.

## Vifaa na vipimo

Skafu moja ya mtu mzima huhitaji:

* uzi wa unene wa kati, gramu 60 hadi 80 za kila rangi
* sindano ya kroshia ya milimita 5, na nyingine ya milimita 5.5 kwa mnyororo wa mwanzo
* sindano ya kushonea yenye tundu kubwa
* mkasi na futi ya kupimia

Nyuzi zote mbili ziwe za unene mmoja na za aina moja. Sufu ikiunganishwa na akriliki, moja inaweza kusinyaa baada ya kufuliwa na nyingine isisinyae, na vazi likapinda.

Kila mfumaji ana mkono wake: mmoja hukaza uzi, mwingine huulegeza. Kwa sababu hiyo hufumwa kwanza kipande cha majaribio na kuhesabu mishono iliyomo katika sentimita 10. Mishono ikiwa 14, skafu ya mduara wa sentimita 60 huhitaji mishono 84 (14 × 6). Ikiwa 16, huhitaji 96.

Vipimo vifuatavyo ni kwa mfumaji mwenye mishono 14 na mizunguko 7 katika sentimita 10:

* Mtu mzima: mduara sentimita 60, kimo sentimita 22; mishono 84, mizunguko 15 kwa kila rangi.
* Mtoto wa shule ya msingi: mduara sentimita 54, kimo sentimita 18, mishono 76, mizunguko 13 kwa kila rangi.

Mduara hupimwa kwa kichwa, si kwa shingo, kwa kuwa vazi lazima lipite kichwani.

## Namna ya kufuma

Njia rahisi kwa sindano ya kawaida ni kufuma bomba refu, nusu kwa rangi moja na nusu kwa rangi nyingine, kisha kulikunja kuwa tabaka mbili. Maelezo haya ni ya skafu ya mtu mzima.

1. Mnyororo. Kwa rangi ya kwanza na sindano ya milimita 5.5, hufumwa mnyororo wa vitanzi 84. Mnyororo hulazwa mezani ili kuhakikisha haukujisokota, kisha ncha zake huunganishwa kwa kuvuta uzi katika kitanzi cha kwanza.
2. Mzunguko wa kwanza. Kwa sindano ya milimita 5 hufumwa vitanzi 3 vya mnyororo, vinavyohesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Kisha hufuata mishono mirefu 83. Ili kupata mshono mrefu, uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano, sindano huingizwa katika kitanzi na uzi kuvutwa. Vitanzi vitatu vilivyopo sindanoni huondolewa viwili, halafu viwili tena. Mzunguko hufungwa juu ya kitanzi cha tatu cha mwanzo.
3. Kuendelea. Hatua hiyo hurudiwa hadi mizunguko 15. Mishono huhesabiwa mwisho wa kila mzunguko, nayo ni 84 daima.
4. Kubadili rangi. Wakati wa kuufunga mzunguko wa 15, kitanzi cha mwisho huvutwa kwa uzi wa rangi ya pili. Uzi wa kwanza hukatwa na kuachwa mkia wa sentimita 15.
5. Rangi ya pili. Hufumwa mizunguko mingine 15.
6. Kukunja. Nusu ya rangi ya pili huingizwa ndani ya nusu ya kwanza. Migongo ya vitambaa hukutana katikati na nyuso zake nzuri hubaki nje. Mikia ya nyuzi hubaki katikati ya tabaka, isionekane.
7. Kuunganisha. Ukingo wa mzunguko wa mwisho huwekwa sambamba na mnyororo wa mwanzo. Sindano hupitishwa katika tabaka zote mbili na kufumwa mishono mifupi 84 kuzunguka.

Kwa jumla skafu hii ina mishono mirefu 2,520.

## Makosa ya kawaida

Mnyororo uliojisokota. Katika skafu ya tabaka moja msokoto mmoja huweza kuachwa kuwa pambo. Katika skafu ya tabaka mbili haiwezekani, kwa sababu bomba lililojisokota halikunjiki. Kosa hili haliondoki bila kufumua kazi yote, na ndiyo maana mnyororo hukaguliwa tena mwisho wa mzunguko wa kwanza.

Mnyororo uliokazwa. Ukingo wa mwanzo huwa mfupi kuliko ule wa mwisho, na skafu hujikunja pale zinapounganishwa. Sindano nene kidogo ya mwanzo huzuia kosa hili.

Tabaka moja kuwa refu. Rangi ya ndani hutokeza juu ya ukingo. Mizunguko ihesabiwe kabla ya kuunganisha. Tabaka zikiteleza, hushikizwa kwa mishono michache ya sindano ya kushonea karibu na mkunjo.

## Njia nyingine

Kuna sindano ndefu yenye ndoano pande zote mbili. Uzi wa rangi ya kwanza hutumika kuokota vitanzi, na uzi wa rangi ya pili huviondoa upande mwingine wa sindano. Kitambaa hutokea kikiwa na rangi moja usoni na nyingine mgongoni, bila kukunjwa. Hutumia uzi mchache kuliko bomba la tabaka mbili.

Njia ya tatu ni ya nyavu mbili za rangi tofauti zinazofumwa pamoja, moja ikipita katika matundu ya nyingine. Huwezesha michoro tofauti kila upande, lakini inahitaji umakini zaidi.

## Usalama na utunzaji

Skafu ndefu yenye ncha zinazoning'inia ni hatari karibu na magurudumu. Mcheza dansi Mmarekani Isadora Duncan alifariki mjini Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927 baada ya skafu yake kunaswa katika gurudumu la gari alimopanda. Hatari hiyohiyo ipo kwa abiria wa pikipiki. Skafu ya duara haina ncha za kunaswa, mradi isiwe pana kupita kiasi na iingizwe ndani ya koti.

Hatari kubwa zaidi nyumbani ni moto. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, hivyo jeraha huwa baya. Anayepika kwa kuni kwenye mafiga anapaswa kuivua kwanza, hata asubuhi ya baridi. Watoto wadogo wasilale wakiwa wameivaa.

Skafu hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu, hukamuliwa bila kusokotwa, na hukaushwa ikiwa imelazwa kivulini. Ikianikwa kwenye kamba hurefuka. Rangi nyeusi na nyekundu zijaribiwe kwanza, kwa kuwa zinaweza kuchujuka na kuchafua upande wa pili.

## Thamani ya kazi

Mashine za viwandani hufuma sweta kwa wingi, lakini kroshia halisi hutegemea mkono. Mfumaji mwenye kasi ya mishono 10 kwa dakika huhitaji zaidi ya saa 4 kumaliza mishono 2,520, bila kuhesabu mnyororo, kuunganisha na kufumua makosa.

Katika minada, kama ule wa Katesh, skafu hiyo hushindana na nguo za mitumba, ambazo bei yake haihesabu saa za aliyezitengeneza. Mfumaji anayepanga bei kwa kuangalia uzi pekee hurudisha mtaji tu na kutoa kazi yake bure. Hesabu kamili hujumlisha uzi, nauli ya kwenda kuununua, na saa za kazi zikizidishwa kwa ujira ambao mfumaji angepata kwa kibarua kingine.

Jumla hiyo ikizidi bei ya sokoni, mfumaji hulazimika kutafuta wateja wanaotaka kitu ambacho mtumba hautoi: kipimo cha kichwa chao na rangi mbili walizozichagua wenyewe, kwa mfano zile za sare ya shule au za kwaya.

## Tazama pia

* Mkoa wa Manyara
* Mlima Hanang
* Wairaqw
* Wadatoga
* Sufu
* Ufumaji